Ukoo Haujatuhukumu Kupooza

Anayedai kwamba kiharusi kimo kwenye damu ya ukoo na hakikwepeki anasema nusu ya kweli, na nusu hiyo inaua. Presha, ambayo huleta kiharusi, hurithiwa, ndiyo, lakini kupitia mamia ya vinasaba, kila kimoja kikiongeza kidogo tu.

Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na Dar es Salaam. Umri uliposawazishwa, Hai ilikuwa na 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam 316. Damu ya ukoo peke yake haielezi tofauti hiyo.

Hapa Singida Mjini, kaa jioni karibu na stendi ya Misuna. Kuku anatoka jikoni ameshakolea chumvi, na bado mteja anamwaga nyingine pembeni ya sahani, anachovya kila kipande kabla hajaonja. Chumvi hupandisha presha, na hicho si kinasaba.

Baba yako alipooza? Basi wewe ndiye wa kupima mapema. Kushusha namba ya juu ya presha kwa pointi 10 hupunguza hatari ya kiharusi kwa takriban robo. Presha haiumi, usisubiri mdomo upinde. Kapime wiki hii, na ukiandikiwa dawa, usiiache kwa kuwa unajisikia vizuri.