Nipimeni Kazi, Msinipime Bando

Kila nikisikia maprograma wa Nairobi wakilia kwamba mtihani wa ujuzi kabla ya kuajiriwa ni dharau, nauliza: dharau kwa nani? Aliyesoma chuo chenye jina, na mjomba wake anamjua meneja, ana haki ya kununa. Sisi wa Wenje, huku kati ya Hola na Garsen, tukiondolewa mtihani tunabaki na nini? Karatasi. Na ukisema umetoka Tana River unaulizwa habari za mafuriko, basi.

Kwa hiyo mimi nautaka mtihani, tena mgumu. Kodi (siyo ya nyumba, ya kompyuta) haina kabila wala lafudhi.

Lakini tusidanganyane. Mwaka jana kampuni moja ilinitaka nigeuze mti wa data kwa dakika 60, kamera ikiwa wazi mwanzo hadi mwisho. Dakika ya 40 stima zikapotea, mtandao nao ukaenda. Mfumo ukaandika kwamba nimejitoa. Nikaomba kurudia, kimya. Hapo walipima nini? Nguzo za stima.

Na huo mti wenyewe! Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu inayotumiwa na maprograma dunia nzima, aliandika mwaka 2015 kwamba Google ilimkataa kwa sababu hakuweza kuugeuza ubaoni. Laszlo Bock, aliyesimamia uajiri hukohuko Google, alishakiri mwaka 2013 kwamba yale mafumbo yao ya kuchemsha bongo hayatabiri chochote.

Kupita nako si kinga. Andela walijisifu kwamba chujio lao lilipitisha chini ya mtu 1 kati ya 100. Mwaka 2019 wakawaachisha maprograma wachanga wapatao 400 Nigeria, Kenya na Uganda, kwa kuwa wateja walitaka wazoefu. Vijana wale hawakuwa wamefeli kitu.

Inayoniudhi kabisa ni ile "kazi ndogo ya nyumbani". Siku nne unajenga mfumo mzima, bila hata shilingi ya bando, halafu hakuna anayekujibu. Huku mtoni fundi wa mitumbwi akitaka kujua kama kijana anaweza kushika tezo, anampa kipande cha mti na kumtazama. Hamwambii achonge mtumbwi mzima kisha auchukue bure!

Nipeni kosa halisi lililowahi kuwasumbua kwenye programu yenu. Saa mbili, siku nitakayochagua mimi, na niruhusiwe kutafuta mtandaoni kama nitakavyofanya kazini. Stima zikipotea, nianze tena. Kisha nipigieni simu niwaeleze kwa nini nimerekebisha hivyo. Hapo mtajua kama ni mimi niliyeandika au ni akili bandia. Zikizidi saa mbili, lipeni. Na nikifeli, niambieni nimefelia wapi, hata kwa mstari mmoja wa SMS.