ALIYEZAMA NI SHAHIDI: TUACHE KUWAHUKUMU WALIOFIKWA NA MAFURIKO



Ndugu zangu katika imani, leo naanza kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa nyuma, baada ya mvua kubwa hapa Dar es Salaam, nilipanda mimbari siku ya Ijumaa nikasema mafuriko yale ni adhabu kwa watu wa mabondeni, kwa ulevi wao na ngoma zao. Nikashuka nimeridhika na nafsi yangu.

Baada ya swala, mama mmoja alinisubiri nje. Maji yalikuwa yamemchukua mjukuu wake wa miaka minne. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Shekhe, yule mtoto alikuwa na dhambi gani?"

Wallahi, nilikosa jibu. Nikarudi vitabuni kama mwanafunzi.

Nilichokikuta nilikuwa nakijua siku zote. Katika hadithi sahihi, Mtume (s.a.w.) amewataja mashahidi wa umma wake, na miongoni mwao ni aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo. Sasa niambieni: mtu ambaye Mtume amempa daraja ya shahidi, mimi nimepata wapi ruhusa ya kumwita aliyeadhibiwa? Na mtoto ambaye kalamu haijaanza kumwandikia dhambi, nimwandikie mimi?

Atasema mtu: "Shekhe, kwani watu wa Nuhu hawakuangamizwa kwa maji?" Ndiyo, waliangamizwa. Lakini hilo tumelijua kwa wahyi. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Nani ameteremshiwa wahyi kuhusu Katesh? Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipoona wingu au upepo mkali uso wake ulibadilika kwa hofu. Yeye alihofia, akaomba. Hakunyoosha kidole kwa jirani.

Ndugu zangu, tunaishi katika zama ambazo hali ya hewa imebadilika, na hili halihitaji ushabiki. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7. Kwa hiyo mvua ikishuka, inashuka kwa kishindo. Na pale isiposhuka, joto lile lile linakausha ardhi haraka zaidi. Tazameni Somalia, kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia: kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, mifugo ikafa kwa mamilioni. Kisha mwishoni mwa 2023 maeneo hayo hayo yakafunikwa na mafuriko. Hata wageni wa Allah hawakusalimika. Katika Hija ya 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51, na Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301. Wengi wao walikuwa mahujaji wasio na vibali, waliotembea masafa marefu juani bila hema wala kivuli. Je, na hao tuseme walikuwa waovu?

Tunapenda kuisoma aya ya 41 ya Surat Ar-Rum, inayotufundisha kwamba uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yaliyochumwa na mikono ya watu. Tukiisoma, mawazo yetu yanakwenda kwenye zinaa na pombe. Hayo ni madhambi, hakuna shaka. Lakini mikono hiyo hiyo ndiyo inayochoma makaa ya mawe na mafuta, inayofyeka misitu, inayotupa mifuko ya plastiki mferejini. Na anayechuma si lazima awe ndiye anayeonja. Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia kwa mwaka. Mfugaji wa Marsabit analipa deni asilolikopa. Hiyo ni dhulma, na dhulma ina Mwenyewe atakayeihukumu.

Kuna kosa la pili, ndugu yake lile la kwanza: kusema "ni kadari ya Mungu, tufanye nini?" Sayyidna Umar (r.a.) aliposikia tauni imeingia Sham, aligeuza msafara. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Huyo ni Umar!

Mtazameni Derna, Libya, Septemba 2023. Mvua ya dhoruba ilikuwa kadari. Lakini mabwawa mawili juu ya mji yalikuwa yamejengwa tangu miaka ya 1970, wataalamu wametahadharisha kwamba yanahitaji matengenezo, na hayakutengenezwa. Yakapasuka usiku, maelfu wakafa. Mwaka uliofuata mahakama ya huko ikawatia hatiani maafisa 12. Kuzembea amana ya watu ni khiyana, na khiyana haifichwi nyuma ya neno kadari.

Sasa linganisheni na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Huko ndiko kumfunga ngamia kisha kutawakali.

Basi nawaomba mambo manne katika kila msikiti:

1. Tahadhari ya hali ya hewa ikitolewa, imamu aitangaze baada ya swala. Kipaza sauti si cha adhana na michango tu.

2. Vijana wazibue mifereji kabla ya masika, si baada ya maafa. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani.

3. Kamati iwe na orodha ya wazee, wajane na wagonjwa wanaoishi karibu na mto, na milango ya msikiti iwe wazi kwao maji yakija. Wengi hawaishi bondeni kwa ukaidi. Ndipo kodi inapolipika.

4. Tuchunge ndimi zetu. Msiba ukitokea, neno la kwanza liwe innaa lillaahi, na la pili liwe "mnahitaji nini?"

Zama za Mtume (s.a.w.) mvua ilinyesha wiki nzima, mtu akaingia msikitini siku ya Ijumaa akalalamika kwamba nyumba zinabomoka na mali inaangamia. Mtume hakumwuliza watu wake wamefanya dhambi gani. Aliinua mikono akamwomba Allah aielekeze mvua pembezoni, isiwe juu yao.

Ijumaa iliyofuata nilipanda mimbari ile ile nikaomba radhi mbele ya watu. Yule mama alikuwa upande wa wanawake. Baadaye alinitumia salamu: amenisamehe, ila niwaambie na mashekhe wengine. Leo nimewaambia.

Ewe Allah, wapokee waliozama kama mashahidi, wape subira waliobaki, na utupe akili ya kujiandaa kabla wingu halijafika. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.