Vichupa vya nyanya zetu visiuzwe kama takataka

NYANYA yangu alipoaga dunia, sisi wajukuu tulipewa kazi ya kusafisha chumba chake katika Mji wa Kale, Mombasa. Ndani ya sanduku lake tulipata mrashi wa fedha na kichupa cha kioo chekundu, urefu wa kidole, chenye vifuniko viwili, kimoja kila upande.

Mrashi tuliujua, kwani ndio uliotumiwa kuwanyunyizia wageni marashi harusini. Tuliuhifadhi. Kichupa hatukukijua. Mimi mwenyewe nilikiuza kwa mnunuzi wa chupa kuukuu, pamoja na chupa za achari, kwa Sh50.

Ilinichukua miaka mingi kufahamu nilichokitupa. Vichupa vya aina hiyo vilikuwa fasheni nchini Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 19. Upande mmoja ulitiwa manukato. Wa pili, ambao aghalabu kifuniko chake kilikuwa na bawaba ili kifunguke upesi, ulitiwa chumvi ya amonia. Harufu yake kali ilitumiwa kumzindua mtu aliyezirai.

Wapo watakaouliza: katika nchi yenye vijana wengi wasio na kazi, ya nini kuhangaikia chupa tupu? Jibu langu ni kwamba asiyejua alicho nacho ndiye humfaidi anayejua. Isitoshe, kuvitambua vitu hivi hakuhitaji shahada.

Kwanza, tazama kifuniko. Fedha ya Uingereza hupigwa mihuri midogo: simba anayetembea huonyesha kuwa ni fedha halisi, nanga ni alama ya Birmingham, kichwa cha chui ni cha London, na herufi moja huashiria mwaka.

Pili, fuata mstari wa kalibu ubavuni mwa chupa. Ukipanda hadi juu ya mdomo, yaelekea chupa ilitengenezwa kwa mashine, jambo lililoenea katika karne ya 20. Ukikomea shingoni, huenda mdomo ulimaliziwa kwa mkono.

Tatu, soma maandishi, lakini usiyaamini haraka. Chupa za René Lalique, fundi wa Ufaransa aliyefariki 1945, zilitiwa sahihi ya “R. Lalique”. Walaghai nao wanaijua sahihi hiyo, na huichora kwenye vioo visivyo vyake.

Aidha, usiisugue chupa wala kubandua karatasi yake ya jina. Mara nyingi karatasi hiyo ndiyo ushahidi wa pekee uliobaki.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inakitambua kama kitu cha kale kifaa kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na hakiruhusiwi kusafirishwa nje bila kibali. Je, kichupa cha nyanya kilikuwa cha kabla ya mwaka huo? Sitajua kamwe, kwa sababu sikuisoma mihuri iliyokuwa kwenye vifuniko vyake.

Ingefaa makavazi yetu, kama vile ya Fort Jesus na Lamu, yatenge siku ambapo wakazi wataleta vitu vyao vitambuliwe na kuorodheshwa, kisha warudi navyo nyumbani. Nasi tusisubiri siku hiyo. Chukua karatasi leo, uandike kitu ni cha nani, alikipata wapi, na alikitumia vipi, angali hai wa kukueleza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sh50 nilizopewa nilizitumia siku hiyo hiyo. Lakini ni nani aliyempa nyanya, mwanamke wa Mombasa, kichupa cha mabibi wa Uingereza? Swali hilo limebaki nami, na wa kumwuliza hayupo tena.