Gari ya Mzee Haiuzwi, Acheni Presha

Wacha niseme mapema ndio tusisumbuane: Probox ya mzee wangu imepita kilomita 400,000 na haiendi popote. Ukiona ni aibu, hiyo aibu ni yako, ibebe.

Hii vita ilianzia nyumbani Wote, Desemba iliyopita. Binamu yangu alikuja na gari ya KD, imeoshwa inang'aa, akaiegesha kando ya KB ya mzee iliyojaa vumbi la Kalamba. Kikao cha familia kikageuka kesi. "Mzee, hii itakuacha njiani." "Mzee, wewe ni mtu wa heshima." Suluhisho lao? Achukue mkopo, hati ya shamba iwe dhamana. Na mimi, nikiri hapa, nilikuwa mbele kabisa kupiga makofi. Nilikuwa nimechoka kushushwa Kitui mjini na gari inayonuka maembe.

Aliyetuzima ni mwaitu. Alileta daftari. Yeye huandika kila shilingi inayoingia kwa hiyo gari. Mwaka mzima, shoki za mbele, boljointi, klachi, radieta na sevisi: 74,000. Hiyo ni kama 6,200 kwa mwezi. Mkopo tuliokuwa tunauimba ulikuwa wa 800,000, kulipa karibu 29,000 kila mwezi kwa miezi 36. Piga hesabu, ni zaidi ya milioni moja. Ongeza bima kamili, kwa sababu mwenye pesa zake hakubali ile ndogo. Kisha akauliza, "Maembe yakikosa mvua, hiyo 29,000 itatoka kwa nani?" Kimya. Sisi wa Ukambani tunajua mvua haina mkataba na mtu.

Tena "gari mpya" gani? Kenya hairuhusu kuingiza gari ya mtumba iliyozidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo hiyo mpya mnayopigia picha huenda imeshatumika Japani miaka saba. Kilicho kipya ni namba ya usajili. Na ile mita ya kilomita hurudishwa nyuma na wajanja. Kilomita za mzee tunazijua zilikotoka. Hizo 60,000 zako uliambiwa tu, ukaamini.

Na hapa ndipo mnanishangaza. Juni 2024 tulijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Ndani yake kulikuwa na kodi ya gari, asilimia 2.5 ya thamani yake, chini kabisa 5,000. Tukasema hapana, ikatolewa. Leo mtu yule yule anajitoza 29,000 kila mwezi kwa hiari yake, ili watu wa mtaa wamwone.

Najua mtasema usalama. Hapo mko sawa, sibishi. Gari ambayo breki zimechoka ni jeneza. Lakini kilomita haziui, kinachoua ni kupuuza. Huku kwetu adui ni vumbi na joto: filta ya hewa, shoki, radieta. Hewa ya chumvi inayokula bodi za magari ya Mombasa hatuna. Kwa hivyo mzee ana sheria zake. Oili inabadilishwa kila kilomita 5,000. Breki, tairi au usukani ukileta shida, hakuna "nitaangalia wiki ijayo", gari inalala gereji. Na siku fundi atasema chesisi imepasuka, au injini inataka pesa zinazokaribia bei ya gari yenyewe, tunaiuza bila machozi. Mpaka siku hiyo, anaweka 10,000 kila mwezi kwa sacco, ndio ijayo ainunue kwa pesa taslimu.

Binamu? Mwezi wa nne madalali waliichukua ile KD, malipo yalikuwa yamelimbikana. Simcheki. Aliniomba nauli ya kurudi Emali nikamtumia, na usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu ningesikizwa Desemba, dalali angekuwa anatafuta shamba la mwaitu.

Mwezi uliopita mzee alitoka Wote, akapita Makindu, Kibwezi, Ikutha na Mutomo mpaka Kitui kuniletea ndengu. Hakufungua boneti hata mara moja. Alinishusha mbele ya watu wote stejini, na mlango wa nyuma ukagoma kufunga mpaka nikaupiga teke. Nilicheka tu.

Kabla hujamwambia mzazi wako auze gari, muulize ametumia pesa ngapi kuitengeneza mwaka huu. Kama hujui hiyo hesabu, huna maoni, una mapenzi ya rangi.

Ni hayo tu. Nani mwingine kwao kuna chuma imepita laki tatu? Jitokezeni.