ChatGPT Haitapanda Kizimbani na Wewe

Wasee, leo nitawaudhi. Lakini afadhali niwaudhi mimi kuliko mje kuudhiwa na hakimu.

Siku hizi hapa Wundanyi kila mtu ana wakili mfukoni. Umefutwa kazi? Uliza ChatGPT. Mwenye nyumba amepiga kufuli mlangoni? Uliza ChatGPT. Unanunua shamba? "Wakili wa nini bana, AI itakuandikia mkataba dakika mbili, bure." Hiyo bure ndiyo nataka tuiongelee.

Mjomba wangu alinunua kipande cha shamba huku milimani. Mkataba niliandika mimi, kwa simu yangu. Nilijiona mjanja ajabu: Kiingereza kizito, nafasi za mashahidi, kila kitu. Pesa zikalipwa, soda zikanywewa. Miezi minane baadaye tunaenda kubadilisha hati, karani anauliza swali moja tu: "Kibali cha bodi ya ardhi kiko wapi?"

Tukaangaliana.

Kumbe shamba la kilimo Kenya haliuzwi kwa sahihi tu. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka bodi ikubali, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali, mauzo ni batili. Sasa mjomba, aliyekwepa ada ya wakili, anatafuta wakili wa kuomba mahakama imwongezee muda. Na muuzaji naye ameanza kusema bei ya shamba imepanda.

Nilirudi kwa ile AI nikaiuliza mbona haikuniambia. Ikajibu: samahani, uko sahihi, kibali kinahitajika. Samahani! Mjomba ataenda kuila hiyo samahani?

Hoja yangu ni hiyo. Wakili akikuharibia kesi, una pa kumpeleka. Kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na anaweza kupoteza leseni. AI je? Ule mstari mdogo pale chini unasema inaweza kukosea. Yaani imeshajitetea kabla wewe hujaanza kulia.

Na usiniambie haya huwapata wasiosoma tu. Mwaka 2023 huko New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilikuwa imezitunga. Mmoja alikuwa ameiuliza kama kesi ile ni ya kweli, ikamwambia ndiyo. Jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Kama wao walidanganywa na walisomea hiyo kazi, wewe na mimi?

Lakini mawakili, msicheke bado. Hatukukimbilia simu kwa uvivu. Kijana wa boda akisikia ada yenu, anaona heri adhulumiwe. Katiba, Kifungu cha 48, inasema Serikali ihakikishe kila mtu anafikia haki, na kama kuna ada, iwe ya kadiri isiyomzuia mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria iko tangu 2016. Kijijini kwenu ni wangapi wamewahi kuisikia? Mlituachia shimo, AI ikalijaza.

Kwa hivyo sisemi muitupe. Nasema itumieni kuuliza, si kutia sahihi. Rafiki yangu wa kule Mwatate, tembo walipomaliza mahindi ya mamake, AI ilimwambia kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inayotoa fidia. Hakuishia hapo. Aliitafuta sheria yenyewe kwenye tovuti ya Kenya Law, ambayo ni bure, akaisoma, kisha akaenda KWS kuripoti na kuchukua fomu. Huyo ametumia akili mbili, ya simu na yake.

Na kuna mambo ambayo hata wakili huhitaji. Mtu ana deni lako, halizidi shilingi milioni moja? Kuna Mahakama ya Madai Madogo. Unajisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Ulizia kwa karani wa mahakama iliyo karibu nawe. Hiyo AI haitakwambia usipojua kuuliza.

Lakini shamba, mtoto, kesi ya jinai? Hapo tafuta mtu. Mtu mwenye jina, ofisi na leseni inayoweza kuchukuliwa. Kama ni ghali, changeni kama tunavyochangia harusi. Kabla ya kushika kalamu jiulize: nikikosea hapa, nani atasimama nami? Kama jibu ni simu, weka kalamu chini.

Mimi nusu ya ada ya wakili wa mjomba nalipa. Nimeshaanza kuweka akiba. Mkataba si ulikuwa wangu?