Bawa Halikuendeshei Gari

Jamani, ile kusema dereva wa gari lenye bawa "anabebwa" mimi nakataa. Gari likikimbia, upepo unagandamiza bawa chini, tairi zinashika. Ukipunguza mwendo, msaada unapungua. Kwa hivyo madereva wa WRC, tangu irudi Naivasha 2021, lazima waamini spidi yenyewe ndiyo itawashika. Kwenye Safari Classic magari ni ya zamani, mengi yanasukumwa na tairi za nyuma. Mkia ukihama, dereva anauokoa kwa usukani na mguu. Ni ujuzi wa aina mbili, wote mgumu.

Sasa wewe uliyefunga bawa kwa Probox, ukiteremka kutoka Kwale kuja Kombani, hilo halikushiki. Punguza mwendo, tukuone kesho.