Kundi la Wabudha unalipata kwa simu, ila mwalimu wake unamjua?

Zamani kumpata mwalimu wa Kibudha ilikuwa safari. Mganda Steven Kaboggoza alikutana na watawa wa Thailand mwaka 1990 akiwa masomoni India. Mwaka 2002 alitawazwa kuwa mtawa huko Marekani, na 2005 akaanzisha kituo cha Wabudha nyumbani Uganda. Leo anajulikana kama Bhante Buddharakkhita.

Sasa hivi mambo ni mepesi. Unaandika tu jina la mji kwenye simu. Dar es Salaam utaliona hekalu la Upanga, lililoanzishwa na jamii ya Wasri Lanka. Afrika Kusini kuna Nan Hua, kule Bronkhorstspruit. Kama huna kituo jirani, yapo makundi yanayokutana kwa Zoom kufanya meditesheni.

Ishu ni kwamba Ubudha hauna mkuu mmoja duniani wala ofisi moja inayotoa vibali. Kila tawi lina taratibu zake. Kwa hiyo yeyote anaweza kufungua ukurasa na kujiita mwalimu.

Na umaarufu si kinga. Sogyal Rinpoche, mwanzilishi wa Rigpa, aliandika kitabu kilichouzwa mamilioni ya nakala. Mwaka 2017 wanafunzi wake 8 wa muda mrefu waliandika barua wakimtuhumu kwa vipigo na unyanyasaji wa kingono. Aliachia uongozi. Uchunguzi huru wa 2018 ulisema baadhi ya wanafunzi walifanyiwa ukatili mkubwa. Alifariki 2019.

Kabla ya kujiunga, uliza mambo matatu:

1. Nani alimfundisha au kumtawaza mwalimu huyu? Jibu liwe na jina unaloweza kulifuatilia.

2. Hela inaingiaje? Kwa desturi mafundisho hutolewa bure na watu huchangia kwa hiari. Kozi za siku 10 za Vipassana za S.N. Goenka hazina ada, na anayechangia ni yule aliyekwisha kumaliza kozi.

3. Ukiwa na malalamiko dhidi ya mwalimu, unayapeleka kwa nani? Kama jibu ni mwalimu mwenyewe, jiulize mara mbili.

Wanafunzi wa Rigpa hawakuwa wajinga. Wengi walikaa kimya miaka kwa sababu walifundishwa kuwa kumtilia shaka mwalimu ni udhaifu wa imani. Kundi linalokataza maswali siku ya kwanza halitayaruhusu baadaye.